Kijana wa Geita, beba swali kabla ya kubeba boksi

Wengi wanaotoka ukanda wa dhahabu kwenda kusoma ng'ambo huanza kuwaza ajira siku ya mahafali. Historia ya ukanda huohuo inaonyesha kwamba waliofika mbali walianza kuiwaza wakiwa bado nyumbani.

MTU aliyeifanya Shinyanga ijulikane duniani alikuwa mhitimu wa chuo kikuu aliyekuja kutafuta kazi ugenini. John Williamson, mzaliwa wa Quebec nchini Kanada, aliingia Chuo Kikuu cha McGill mjini Montreal akiwa na nia ya kusomea sheria. Kiangazi kimoja alichokitumia porini Labrador kikamgeuza. Akahamia jiolojia, akaisoma hadi shahada ya uzamivu. Katikati ya miaka ya 1930 alikuwa Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, ameajiriwa na kampuni ya kutafuta madini. Kutoka huko akaja Tanganyika, kwenye mgodi mdogo wa almasi wa Mabuki, kusini ya Mwanza. Mwaka 1940, akiwa na umri wa miaka 33, akaupata mwamba wa almasi wa Mwadui, Shinyanga.

Watu wa Kishapu na Shinyanga wanapomzungumzia Williamson husimulia utajiri wake, na ile almasi ya waridi ya karati 54.5 iliyopatikana mwaka 1947 akaitoa zawadi ya harusi kwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza. Njia iliyomfikisha hapo husimuliwa mara chache. Fildi ndiyo iliyomwonyesha anachokipenda. Ajira ya kwanza haikumpa alichokitaka, lakini ilimfikisha Afrika. Ya pili ilimpa swali: almasi zinazookotwa juu juu katika nchi hii, mwamba mama wake uko wapi? Alilishikilia swali hilo kwa miaka, hata fedha zilipokaribia kumwishia, wakati wengine walikwisha kukata tamaa.

Leo safari imegeuka. Kijana wa Kahama, Katoro au Nyarugusu ndiye anayejaza fomu za ufadhili, anayekaa foleni ya visa Dar es Salaam, na anayejiuliza kama shahada ya ng'ambo itampa kazi au itampa picha za theluji za kuweka mtandaoni. Jibu linategemea sana anachokibeba kichwani siku anayoondoka.

MGODI HUFUNGWA, UJUZI HUSAFIRI

Mgodi wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000. Bulyanhulu ukafuata mwaka 2001, na Buzwagi, pale Kahama, mwaka 2009. Watoto waliozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 Nyankumbu, Kakola na Mwendakulima sasa wana umri wa kuhitimu vyuo vikuu. Wamekua wakiona magari ya mgodi yakipita na vumbi lake, wakisikia kwamba bosi mmoja katoka Australia, mwingine Afrika Kusini, mwingine Ghana. Wengi walijifunza mapema kwamba kuna watu ambao taaluma yao huwapeleka popote penye mwamba.

Wamejifunza pia kwamba mgodi una mwisho wake. Buzwagi ilimaliza uzalishaji mwaka 2021, miaka 12 tu baada ya kuanza. Aliyekuwa na ujuzi unaotambulika kwingine alihama nao. Aliyekuwa na kitambulisho cha getini tu alirudi mtaani. Kampuni zenyewe zinafanya kazi nchi nyingi. Barrick na AngloGold Ashanti, ambazo zote zinachimba huku kwetu, ni wabia katika mgodi wa Kibali, kaskazini mashariki mwa Kongo. Kwa hiyo kazi ya nje kwa mtu wa Geita si lazima iwe Ulaya. Inaweza kuanzia Kibali, Ghana au Mali, mahali ambako Mtanzania mwenye viwango vya kimataifa haonekani mgeni sana.

Sheria nayo imesogea. Marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017, pamoja na kanuni za mwaka 2018 za ushirikishwaji wa Watanzania, yanamtaka mwenye leseni kubwa aonyeshe mpango wa kuwarithisha Watanzania nafasi zinazoshikwa na wageni. Kwenye karatasi, mlango uko wazi. Lakini mgodi ukitafuta Mtanzania wa kushika nafasi ya mgeni mwenye uzoefu wa miaka 15 katika nchi tatu, hauwezi kumpa mhitimu mwenye cheti kitupu. Unamtafuta aliyekwisha kufanya kazi mahali pengine pagumu. Hapo ndipo miaka michache ya kusoma na kufanya kazi nje inapopata thamani, hata kwa anayekusudia kuzeekea nyumbani.

WALIOTANGULIA WALIONDOKA NA JAMBO

Kabla ya dhahabu ya migodi mikubwa, Usukumani palikuwa na dhahabu nyeupe, yaani pamba. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima walilalamikia wanunuzi waliowapunja kwenye mizani. Paul Bomani alikuwa kijana aliyekuwa akiwaunganisha. Akapata nafasi ya kwenda kusomea ushirika Loughborough, Uingereza. Bomani hakwenda huko kuangalia kozi gani itamfaa. Shida ya mizani alikuwa nayo tangu nyumbani, akatafuta mahali pa kuitafutia dawa. Mwaka 1955 vyama vya wakulima viliungana kuunda shirikisho la Victoria, ambalo baadaye lilihesabiwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika. Bomani akawa Waziri wa Fedha wa nchi huru, na baadaye balozi Washington. Kazi kubwa za baadaye zilimea kwenye swali la mizani ya pamba.

Mfano wa pili unatoka kwenye jiolojia yenyewe. Profesa Abdulkarim Mruma aliandika tasnifu yake ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Oulu, Finland, mwaka 1989. Oulu iko kaskazini, karibu na mzingo wa Aktiki, na Finland ina miamba ya kale ya kutosha kwa mtu kuisoma maisha yake yote. Mruma aliandika kuhusu miamba ya Usagara, ya Tanzania. Maabara, vitabu na wasimamizi vilikuwa vya Wafini. Mwamba ulikuwa wa kwao Mruma. Machi 2017, karibu miaka 30 baadaye, Rais John Magufuli alimpa uenyekiti wa kamati ya kuchunguza makontena 277 ya makinikia yaliyozuiwa bandarini Dar es Salaam, mzigo uliotoka Bulyanhulu na Buzwagi. Kampuni ya Acacia, iliyoendesha migodi hiyo chini ya Barrick, ilipinga matokeo ya kamati hiyo, na takwimu zake zilibishaniwa sana. Hata hivyo mazungumzo yaliyofuata na Barrick yalizaa makubaliano ya Oktoba 2019, na kampuni ya Twiga ambayo Serikali ina hisa ya asilimia 16. Katika meza za namna ile nchi ilihitaji mtu wake anayeweza kuusoma mchanga wa makinikia kwa lugha ya kitaalamu.

Profesa Sospeter Muhongo naye alipitia Ujerumani, akapata uzamivu wake Berlin, akajulikana kimataifa kwa utafiti wa ukanda wa miamba unaoitwa wa Msumbiji, unaopita mashariki mwa Tanzania. Kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akaenda Pretoria kuongoza ofisi ya Afrika ya Baraza la Kimataifa la Sayansi. Mwaka 2012 akawa Waziri wa Nishati na Madini.

Katika habari za wote watatu, ng'ambo palikuwa mahali pa kunolea. Kilichonolewa kilitoka nyumbani. Kijana wa Geita anayefika Ulaya na kuficha atokako, akijifanya hana tofauti na wenzake waliozaliwa pale, anaacha nyumbani mtaji pekee ambao wenzake hawana.

SAA ISHIRINI ZA WIKI

Watanzania wa ughaibuni wana msemo wao kwa kazi za mikono zinazowaweka mjini: kubeba maboksi. Hakuna aibu ndani yake. Kodi ya chumba haisubiri. Lakini sheria za visa zimeweka mipaka, na mipaka hiyo ndiyo inayoamua kama mwanafunzi atajenga taaluma au ataishia bohari.

Uingereza humruhusu mwanafunzi wa shahada kufanya kazi hadi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Marekani hutoa saa hizohizo, na kwa kawaida ndani ya eneo la chuo. Kanada imeweka saa 24 tangu Novemba 2024. Australia ni saa 48 kwa kila wiki mbili, na Japani ni saa 28 kwa wiki kwa kibali maalumu. Ujerumani huhesabu siku: 140 nzima au 280 nusu kwa mwaka.

Baada ya mahafali saa nyingine huanza kugonga. Ujerumani humpa mhitimu miezi 18 ya kutafuta kazi inayolingana na elimu yake. Uingereza hutoa miaka miwili, mitatu kwa wenye uzamivu, lakini kwa watakaoomba kuanzia Januari 2027 ile miwili itapungua na kuwa miezi 18. Marekani hutoa miezi 12, na kwa fani za sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati huongeza 24. Ila katika ile miezi 12 ya kwanza, mhitimu akifikisha zaidi ya siku 90 bila ajira anapoteza haki ya kuendelea kukaa. Kanuni hizi hubadilika mara kwa mara, kwa hiyo zihakikishwe ubalozini na katika ofisi ya wanafunzi wa kimataifa ya chuo.

Pigia hesabu kozi ya uzamili ya mwaka mmoja. Mwanafunzi anafika Septemba. Kampuni nyingi kubwa za Uingereza huanza kupokea maombi ya wahitimu watakaoajiriwa mwakani katika vuli hiyohiyo, pengine kabla hajajua basi la kwenda chuoni. Akisema "nimalize kwanza masomo, kazi baadaye", tayari amechelewa mwaka. Hivyo wasifu uandikwe kabla ya safari. Wiki ya kwanza aende ofisi ya ushauri wa ajira ya chuo, ambayo huduma yake imo ndani ya ada. Na zile saa 20, hata kama malipo ni madogo kidogo, azitafute kwanza maabara, maktaba ya ramani au kwa profesa anayehitaji msaidizi wa kuingiza data. Bohari hulipa wiki hii. Profesa ataandika barua ya utambulisho itakayosomwa miaka mitano ijayo.

SAINI INAYOTAKIWA KOTE

Mwaka 1997 kampuni ya Bre-X ya Kanada iliporomoka baada ya kugundulika kwamba dhahabu iliyodai kuipata Busang, Indonesia, ilikuwa imepandikizwa kwenye sampuli. Wawekezaji walipoteza mabilioni ya dola. Tangu hapo masoko ya hisa yamekaza kanuni. Kampuni inayouza hisa Toronto, Sydney au Johannesburg haiwezi kutangaza kiasi cha madini ardhini bila taarifa iliyosimamiwa na mtaalamu anayetambulika, ambaye jina lake huandikwa na ambaye hubeba dhamana ya kilichosemwa. Kanuni za JORC za Australia, SAMREC za Afrika Kusini na zile za Kanada zinafanana katika mambo mawili: mtaalamu awe na uzoefu usiopungua miaka mitano unaohusiana na kazi hiyo, na awe mwanachama wa chama cha kitaaluma kinachokubalika.

Hapa pana ngazi ambayo vijana wetu wengi hawaambiwi. Shahada ni hatua ya kwanza tu. Uanachama wa chama cha kitaaluma unaweza kuanza ukiwa mwanafunzi, kwa ada nafuu au bila ada kabisa. Miaka mitano ya uzoefu inaweza kuanza kuhesabiwa Kalgoorlie, mji wenye chuo cha migodi kilichoanzishwa mwaka 1902 katikati ya machimbo ya dhahabu ya Australia Magharibi, na kukamilika Geita. Mwenye sifa hiyo hutafutwa na kampuni kubwa na ndogo, awe Perth au Kahama.

Mahali pa kusomea si pachache. Freiberg, Ujerumani, pana chuo cha madini tangu mwaka 1765, na vyuo vikuu vingi vya umma vya nchi hiyo havitozi ada kubwa. Mtihani ni fedha za kujikimu: mwombaji huonyesha euro 11,904 za mwaka mzima katika akaunti iliyozuiwa, inayomruhusu kutoa euro 992 kila mwezi. Wuhan, China, imepokea Waafrika wengi katika chuo chake kikuu cha sayansi za dunia. Japani, kupitia JICA, ina mpango wa Kizuna unaosomesha uzamili na uzamivu watumishi wa sekta ya madini. Kila mlango una lugha yake. Unaweza kufaulu masomo yote kwa Kiingereza ndani ya Ujerumani au Japani, kisha ukakosa kazi kwa sababu msimamizi wa zamu machimboni hazungumzi Kiingereza. Anayetaka kubaki huko aanze kujifunza lugha kabla ya kupanda ndege.

DUARA, KARASHA NA ZEBAKI

Si kila anayetoka ukanda huu anataka kuwa mhandisi wa migodi, na hahitaji kuwa. Maswali makubwa ya Geita yako pia nje ya uzio wa migodi mikubwa: Rwamagasa, Mgusu na Nyarugusu, ambako wachimbaji wadogo hushuka kwenye maduara, yaani mashimo ya uchimbaji, hupeleka mawe kwenye karasha, huosha unga mwaloni, kisha hukamata dhahabu kwa zebaki. Marudio yanayobaki huuzwa kwa wenye mitambo ya sayanaidi.

Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki uliopitishwa mwaka 2013, na ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, umepewa jina la Minamata, mji wa Japani katika kisiwa cha Kyushu. Huko mwaka 1956 uligundulika ugonjwa ambao baadaye ilithibitika kwamba ulisababishwa na zebaki iliyotoka kiwandani ikaingia kwenye samaki. Mwanafunzi wa kemia ya mazingira kutoka Geita akienda Kyushu ana jambo la kuzungumza na kila profesa wa pale. Ameiona zebaki ikichomwa kwenye kikaango nyuma ya nyumba. Wenzake wameisoma vitabuni.

Vivyo hivyo kwa mwanafunzi wa afya ya jamii anayejua jinsi vumbi la mawe linavyoharibu mapafu na kukaribisha kifua kikuu. Kwa mwanasheria anayefahamu mgogoro wa mwenye leseni, mwenye shamba na mwenye duara. Kwa mhasibu anayeelewa mgawo wa mifuko ya mawe, na jinsi masoko ya madini yaliyoanza kufunguliwa mwaka 2019, la Geita likiwa miongoni mwa ya mwanzo, yalivyobadili biashara iliyokuwa ya gizani. Tasnifu juu ya mambo hayo hufungua milango ya mashirika ya kimataifa, kampuni za ushauri na vyuo. Likizo ya kiangazi ni muda mzuri wa kurudi kukusanya data, na mara nyingi chuo kina mfuko mdogo wa kugharimia safari ya namna hiyo. Anayeomba hupata. Wengi hawaombi.

NG'OMBE WALIOUZWA

Liko jambo lisiloandikwa kwenye fomu yoyote. Familia nyingi za Shinyanga zimeuza ng'ombe ili mtoto apande ndege. Baba, mjomba na shangazi waliochangia wana haki ya kutarajia. Tatizo huanza mwezi wa tatu, simu zinapoanza kuingia: bati la nyumba, ada ya mdogo mtu, msiba Maswa. Mwanafunzi mwenye saa 20 za kazi hana fedha hizo. Anaongeza saa kinyume cha visa, anafeli somo, na siku ikigundulika anapoteza yote.

Mazungumzo haya yafanyike kabla ya safari, mbele ya wazee, kwa heshima zote na kwa tarakimu: chumba ni kiasi gani, chakula kiasi gani, kinachobaki ni nini, na ni baada ya muda gani ataweza kusaidia. Mzee aliyechunga ng'ombe anaelewa vizuri kwamba ndama hakamwi. Asichokielewa ni kimya.

Zipo pia karatasi za nyumbani. Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, hutoa cheti cha kutokuwa na pingamizi kwa wanaokwenda kusoma nje, husajili mawakala wa vyuo vya nje, na ndiyo inayotambua shahada za kigeni mtu anaporudi. Wakala asiye kwenye orodha yake, au anayedai fedha ili "kuuhakikisha" ufadhili, akimbiwe. Deni la Bodi ya Mikopo halifutwi na umbali; ukiajiriwa nyumbani mwajiri hukata asilimia 15 ya mshahara. Mhandisi hana ruhusa ya kufanya kazi ya uhandisi nchini bila kusajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB, hata awe na shahada ya wapi. Na anayewaza uraia wa nchi nyingine akumbuke kwamba Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili.

KUBAKI AU KURUDI

Mjadala wa kubaki au kurudi huendeshwa kana kwamba mtu huamua mara moja na kumaliza. Taaluma ya madini haiko hivyo. Mtu hufanya kazi miaka mitatu Australia, miwili Kongo, akarudi Geita, akaondoka tena. Hata Kahama imeanza kupokea wageni wa namna nyingine: mwaka 2024 Barrick ilifungua chuo chake kwenye eneo la mgodi uliofungwa wa Buzwagi, cha kuwanoa wasimamizi wa migodi yake ya Afrika na kwingineko. Mtu wa Mali sasa anaweza kuja Kahama kujifunza uongozi wa zamu.

Basi ushauri kwa anayejaza fomu mwaka huu ni huu. Kabla ya kuchagua nchi, andika ukurasa mmoja kueleza ni jambo gani la kwenu unataka kulielewa kuliko mtu yeyote wa darasa lako, nani duniani analifanyia kazi, na ni mwajiri gani atalipia jibu lake. Mwandikie barua pepe huyo anayelifanyia kazi, hata kama hujapata chuo. Ukurasa ukikataa kujaa, ahirisha. Tumia mwaka mmoja kwenye maabara ya sampuli, ofisi ya madini ya mkoa au chama cha wachimbaji wadogo, hata kwa posho ndogo. Mwaka huo hautakuwa umepotea, kwa sababu kamati za ufadhili na waajiri wa ng'ambo huuliza swali lilelile: unajua nini ambacho sisi hatukijui? Aliyeshinda mwaloni Rwamagasa ana jibu.